Kurumbiza wa Ukutani

Tangu meli iwashushe gatini, Bi Maeng Ok-hui hakutaka salamu ya mtu, hasa ya yule Pyo Jong-gu. Majira kama haya mwaka jana, ndege wakipita kwenda kaskazini, alimwona kurumbiza kifua-chungwa kwenye kisiwa hiki hiki: ndege wa Ulaya, kapotea njia. Hakuwa na picha wala shahidi wa pili. Pyo, mtunza orodha wa chama chao cha watazama ndege, akamfuta ndege huyo orodhani mbele ya watu arobaini na kumwita Maeng muota ndoto. Miaka ishirini na sita ya kutazama ndege ikageuka kichekesho. Ilimuuma, na bado ilikuwa inamuuma.

Sasa wamejikuta wawili tu kando ya shamba la vitunguu saumu, wenzao wamekwenda mnara wa taa kufuata mwewe.

"Leo umeona nini, bibie? Mbuni?" Pyo aliuliza bila kugeuka, ameketi kwenye jiwe, jicho kwenye kamera yake yenye lenzi kubwa kama bomba.

"Nimeona mwanamume mwenye mdomo. Huyo si adimu."

"Mimi angalau nina picha."

"Tunazijua. Unakata matawi ya miti ya watu ili kiota kionekane."

Pyo akanuna. Ndipo ndege akatua kwenye ukuta wa mawe nyuma yake, uso na kifua rangi ya chungwa bivu. Kamera Maeng aliyoinunua kwa ajili ya siku hii ilikuwa mkobani, mkoba uko miguuni. Akiinama tu, ndege ataruka. Ilibidi amwombe adui yake, na kuomba kulimchoma kuliko matusi.

"Pyo. Ukutani. Geuka polepole, nakuomba."

Akageuka. Kamera yake ikalia mfululizo, kisha ndege akatokomea.

Pyo aliitazama picha muda mrefu, masikio yakimwiva. Maeng akasogea akaiona: kila unyoya, safi kabisa.

"Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Kwamba sikuota."

Pyo akatupa jicho njiani, wenzao walikuwa wanarudi. Akabonyeza kitufe. Picha ikafutika. Akabonyeza tena na tena, mpaka hakikubaki kitu.

"Hazikutoka vizuri," alisema.

Mshenzi we, Maeng alisema moyoni. Wenzao walipofika wakauliza kuna nini.

"Kurumbiza wangu amerudi," aliwaambia. Wakaangua kicheko, wakamgeukia Pyo.

"Mimi nilikuwa natazama huku," Pyo alijibu.

Maeng akafungua daftari, akaandika tarehe, ndege, mahali. Kwenye mstari wa shahidi akaandika Pyo Jong-gu, akasoma kwa sauti, kisha akamwekea daftari na kalamu mapajani.

"Kama nimesema uongo, kata jina lako."

Kicheko kikakoma. Pyo akalikata. Mstari ulipinda huku na huku, na kila mtu pale aliuona.