Kifo cha Stelingi wa Darajani

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, mvua ya vuli ilikuwa imekatika Gombani, na bati za karakana ya Mbarouk zilifuka mvuke kwa jua lililotoka ghafla. Ndani, katikati ya vitanda ambavyo havijamalizika na maranda yaliyofika vifundoni, wanaume watatu walibishana juu ya mapanga ya kwenye filamu.

"Mchina ndiye bwana," alisema Kificho, fundi baiskeli wa jirani. "Anaruka mapaa matatu, anawakata watu arobaini, na nywele hazijamvurugika!"

"Huo ni mchezo wa kunguru," alijibu Mwalimu Haroub. "Samurai wa Kijapani anasimama. Anatazama. Pigo moja, kisha anaurudisha upanga alani. Hiyo ndiyo adabu."

"Adabu gani, Mwalimu, na mtu keshakatwa?"

Mbarouk, seremala, alicheka. "Mie natazama mikono tu. Anayeukaba mpini kama nyundo, huyo najua hafiki mwisho."

Haroub alizipenda alasiri hizi, lakini leo alikaa wima kuliko kawaida yake. Shamima, binti wa Mbarouk, alikuwa amewatafutia filamu ambayo baba yake na Mwalimu waliiacha njiani miaka thelathini na minne iliyopita.

Wakati huo wote wawili walikuwa dakhalia, wakilala bweni moja, na Haroub ndiye kiranja. Filamu hiyo waliionyeshwa kwa kanda ya video, nayo ilifika pale samurai mzee, mlinzi wa daraja, alipoanguka mateteni. Jenereta likaisha mafuta. Bweni zima likasema yu hai, kwani nani asiyejua kwamba stelingi hafi? Mbarouk peke yake aliapa kwamba amekufa, na kwamba aliiona filamu yote kwa mjomba wake Tanga. Haroub alimhukumu kwa kiapo cha uongo: kulifagia bweni siku saba. Tangu hapo amewaambia wanafunzi wake, mwaka baada ya mwaka, kwamba katika ukiranja wake hakumwadhibu asiye na kosa hata mmoja. Kauli hiyo ndiyo aliyojivunia kuliko cheti chochote.

Shamima akaichomeka flashi kwenye televisheni ya karakana. Daraja likaonekana, matete, mzee na upanga wake. Pigo likapita. Mzee akaanguka. Haroub hakupepesa macho.

"Atainuka," alinong'ona Kificho. "Kazimia tu."

Mzee hakuinuka. Wanakijiji walikuja na machela.

"Wanampeleka hospitali!"

"Kificho," alisema Mbarouk kwa upole, "wanamzika, yakhe."

Kaburi likafukiwa, upanga ukasimikwa juu yake, majina yakaanza kupanda kiooni. Shamima alimtazama Mwalimu, kisha akajifanya anashughulika na waya.

"Mbarouk," alisema Haroub, "uliapa kweli."

"Naam. Lakini tulikuwa watoto, Mwalimu. Mie nshasamehe zamani."

"Wewe umesamehe. Mimi sijalipa."

"Ulipe nini tena? Kaa, kahawa inapoa."

Haroub alijua kwamba angeweza kukaa. Kahawa ingenyweka, Kificho angerudi kwa Wachina wake, na kauli ile ya miaka yote ingebaki ya uongo kinywani mwake. Aliinuka, akavua kofia na kuiweka juu ya meza, akaipandisha kanzu yake ya Ijumaa na kuifunga kiunoni.

"Ufagio uko wapi?"

"Mwalimu, wallahi usinitie aibu mbele ya mtoto!"

"Aibu ni yangu, na nimeichelewesha mno. Siku saba, kila siku baada ya alasiri."

Akaanza kufagia kutoka pembeni kuja mlangoni, kwa mistari iliyonyooka, kama walivyofundishwa bwenini. Kificho alinyanyua miguu ili ufagio upite, akauma midomo asicheke. Mbarouk aliufuata ufagio kwa macho. Kisha uso wake ukakunjuka, akaegemea kitanda na kukunja mikono kifuani.

"Na uvunguni pia, kiranja. Mie ulinifagilisha mpaka uvunguni."

"Haki yako," alisema Haroub, akapiga magoti.

Alhamisi iliyofuata alizoa fungu la mwisho la maranda, akasimama mbele ya Mbarouk.

"Zimetimia?"

"Saba kamili," alisema Mbarouk, wakapeana mikono. "Hunidai, sikudai."