Ziwa Lililogeuka Kijani

Leonida aliapa kwamba baba yake hatatoka katika chuo alikokuwa akisomea kompyuta bila kuachama mdomo. Mzee Cephas, mvuvi wa Mbita, alikuwa amekata shauri: kompyuta ni mchezo wa watoto wa matajiri, na mwaka huo wa 1999 binti yake angehamia Isebania kumsaidia shangazi Rispa dukani. Alikubali tu kupitia chuoni, Homa Bay, siku ya wazazi.

"Nitaangalia mara moja," alisema. "Halafu unapanga nguo."

Mara moja! Basi Leonida akaamua kumchorea ufuo wao wenyewe. Chuo hakikuwa na skana wala programu ya kuchora ya maana, lakini yeye alikuwa na yale maandishi ya mtindo yanayoiambia kompyuta kila kisanduku ukurasani kiwe na upana gani, rangi gani, kikae wapi. Visanduku tu! Ukinenepesha ukingo mmoja vizuri unapata pembetatu, na pembetatu ndiyo tanga. Akavipanga kimoja kimoja mpaka yakatokea mawe, nyavu zilizoanikwa, na boti ya baba yake.

Kilichobaki ni maji. Aliyataka ya alfajiri, ya kijivu. Akaandika "grey", kama alivyofundishwa shule ya msingi kwa kiboko, akahifadhi kazi yake bila kuitazama, kisha akakimbia kumpokea baba yake langoni. Haraka haraka haina baraka.

Waliporudi, ziwa zima lilikuwa kijani kibichi.

Mzee Cephas akainama mbele ya kioo cha kompyuta, kofia mkononi. "Wololo yaye! Hyacinth imenifuata hata huku ndani!"

Wazazi wengine wakaangua kicheko. Hakuna asiyelijua gugu lile la majini. Lilikuwa limeziba ziwa, na boti za watu zilikauka mchangani. Mzee mwenyewe hakucheka. Leonida alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu wake, Job, akamnong'oneza: "Hii mashine ni ya Wamarekani. Wao wanaandika hiyo neno na 'a'. Ukiweka 'e' haielewi, inajipakia rangi yake."

Herufi moja tu! Leonida akafuta "e", akaweka "a", akafungua ukurasa upya. Gugu likatoweka. Maji yakatanda wazi, na boti ikaelea.

Mzee akasogeza uso karibu na kioo. "Rudisha," akasema.

Leonida akavunjika moyo, lakini akarudisha kijani.

"Sasa toa."

Akatoa.

"Tena." Mzee akavuta kiti. "Nyara, binti yangu, mimi naweza bonyeza?"

Leonida akarudisha kijani, akafuta herufi mbaya, akamwachia nafasi. Kidole kilichokomazwa na kamba za nyavu kikazunguka kwenye vibonyezo kikitafuta "a", kikaipata, kikaigonga kwa nguvu. Leonida akafungua ukurasa, ziwa likafunguka. Mzee Cephas akacheka kicheko kikubwa ambacho nyumba yao haikuwa imekisikia tangu gugu liingie.

"Miaka mbili sijaona hiyo maji," akasema, akipangusa macho bila haya.

"Na Isebania, Baba?"

"Isebania gani? Rispa atafute mtu mwingine! Ukienda huko, nani atanitolea hii takataka?"

Leonida akamkumbatia mabega huku akilia na kucheka. Baba yake hata hakugeuka. Alikuwa akiita wazee wenzake waje waone, na kidole chake tayari kilikuwa kikiitafuta ile herufi tena.