Mtumiaji wa Tatu

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Asubuhi ile nilishika simu nimwandikie mteja aje kuchukua gauni lake, nikakuta mdogo wangu ameweka namba ya siri kwenye akaunti yake.

Simu yenyewe ni yangu. Ina watumiaji watatu: mimi, mama, na huyo mdogo wangu, muuguzi, anayelala kwetu siku za mapumziko. Mama tulimtengea sehemu yake tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi, asije akawabonyezea wateja wangu majibu. Humo ana programu moja tu, ya kumsemea. Anagusa picha moja baada ya nyingine, simu inazitamka. Kusoma hakuwahi, kwa hiyo picha ndizo maneno yake. Bila kulipia unapata sita: maji, choo, na shida nyingine za mgonjwa. Ukilipia zinafunguka mia nne. Mdogo wangu alilipia kwa akaunti yake, kisha akamruhusu mama naye kutumia. Alinieleza inavyokwenda. Mimi nilikuwa nashona, nikawa naitikia "ehe, ehe" tu.

Na kichwa cha mama hakiaminiki. Tangu augue huitikia kila swali kwa kichwa, ndiyo tu. Siku moja nilimuuliza kwa utani kama yeye ndiye rais, akaitikia, nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Sasa nyumba moja, simu moja, kufuli la nini? Tena siku yenyewe ya kikao! Kaka yetu alitaka nyumba ipangishwe, mama ahamie kwake, ghorofa ya tatu, asikojua mtu. Nikajiambia, basi kaka na huyu mdogo wangu wameshanizunguka. Nikaenda kwenye jina la mdogo wangu, nikagusa "Ondoa mtumiaji". Simu ikauliza kama nina hakika. Ninayo, tena tele!

Saa nne baba mkubwa akaingia, kaka nyuma yake. Nilipofungua mdomo tu, baba mkubwa akanikata.

"Wewe cherehani yako imo humu humu, lazima uvutie kwako. Leo tunataka kumsikia shemeji mwenyewe."

"Mtamsikia," nikasema, kifua mbele. Wiki nzima mama alikuwa akiifanyia mazoezi sentensi yake: Mimi. Hapa. Kukaa. Mpaka. Kufa.

Nikamwekea simu mapajani. Akagusa picha ya kwanza.

"Picha hii inalipiwa," simu ikasema kwa upole. "Tafadhali nunua."

Kaka akaguna. Mama akagusa nyingine. "Picha hii inalipiwa." Akaniinulia macho.

Ndipo maneno ya mdogo wangu yaliponirudia: akiondolewa aliyenunua, na mama anafungiwa. Nikampigia kwenye simu yake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Alikuwa chumba cha upasuaji, na huko simu huziacha kabatini. Nikajaribu kununua mwenyewe, nikadaiwa kadi ya benki. Mimi na kadi ya benki wapi na wapi?

"Tungojeni jioni, baba mkubwa. Nakuomba."

"Nina safari saa sita. Na masikio yake ni mazima, ya nini kungoja?" Akamwinamia mama. "Shemeji, unakubali kuhamia kwa mwanao?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Huyo huitikia kila kitu!" nikapiga kelele. "Muulizeni kama yeye ni mwanamume, muone!"

"Koma!" kaka akasimama. "Sasa unamfanya mama mwendawazimu mbele za watu?"

Baba mkubwa akamuuliza mara ya pili, taratibu. Mama akaitikia tena, na machozi yakawa yanamtiririka. Kaka akamfuta kwa kitambaa, akasema ni ya furaha. Masikini, naona aliamini kweli. Wakakubaliana gari lije Jumamosi, wakaenda zao.

Nikabaki naye. Nilitamani anizabe kofi, lakini mkono wake wa kupigia ndio ule uliolazwa na kiharusi. Nikapiga magoti sakafuni, nikamweleza yote: namba ya siri, hasira zangu, kidole changu.

"Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, mama. Umenisamehe?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza tena, akaitikia tena.