Wakia Mbili za Shaba

Mwaka jana Laurette alipeleka sarafu yake ya kwanza kwenye chama cha wakusanyaji, pale ukumbini Umbilo, akarudi nyumbani Sydenham analia. Ilikuwa peni ya shaba ya Mwingereza, ya mwaka 1806. Aliisugua kwa ndimu na majivu, kama mama yake alivyosugua sufuria kule Bukavu, hata ikang'aa kama kioo. Wazee wa chama wakashika vichwa.

"Maman, umeichuna ngozi!" alisema mzee Léonard, Mmorisi mkaguzi wa sarafu. "Weusi ule ndio umri wake. Hii haipandi mezani."

Na kupanda mezani ndiyo heshima yenyewe. Siku ya maonyesho, sarafu iliyokubaliwa hulazwa juu ya kitambaa cha kijani, na mwenyewe huandika kadi ya jina lake kwa mkono wake. Laurette, aliyenyoosha mwandiko kwenye masomo ya jioni, aliitamani kadi ile kuliko kitu chochote.

Mwaka huu, 2012, alikuja na sarafu nyeusi tii kama kitako cha chungu. Binti yake mdogo, Anaïs, alikuwa amelala mgongoni.

Sarafu hiyo aliiona kwenye soko la Warwick Junction, anakofanya biashara, kwa Protas, muuza viungo wa meza ya jirani. Protas alirithi mizani kwa Mhindi mmoja mzee, pamoja na jiwe la kupimia bizari: duara nene, lenye ukingo mpana. Miaka yote alilipimia, wala hakujali kichwa cha mfalme kilichojificha chini ya unga wa manjano. Laurette ndiye aliyesoma namba: 1797. Akamwambia ukweli wote, kwamba hii ni adimu, na akamletea mawe mapya ya chuma.

"Chukua, dada," Protas alisema. "Lakini wakikucheka tena, nirudishie jiwe langu!"

Sasa Léonard aliigeuzageuza, akaguna.

"Sarafu ya peni mbili, ya 1797? Eish, maman. Za bandia zimejaa kila mahali. Aliyekupa hii amekuchezea."

Nyuma mtu akacheka. Anaïs akashtuka, akaanza kulia. Laurette akambembeleza kidogo, halafu akatoa kikapuni mizani aliyoiazima kwa Protas, akaiweka mbele ya mzee.

"Papa Léonard, peni zako za mwaka uleule ziko pale mezani. Kila moja ina uzito wa wakia moja, si ndiyo? Ulitufundisha mwenyewe."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi yangu lazima iwe wakia mbili. Niazime mbili zako."

Léonard akazileta. Peni mbili za Léonard upande huu, shaba nyeusi upande ule. Mizani ikayumba, ikapanda, ikashuka, ikatulia sawa kabisa, kama maji kwenye beseni. Léonard akashika lenzi, akafuata ukingo wote akitafuta alama ya kalibu, ile inayoumbua sarafu ya bandia. Hakuna. Akavua miwani.

"Na safari hii hukuisugua?"

"Hata kwa kitambaa, papa."

Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika, akamsogezea kalamu na kadi. Laurette aliandika polepole, herufi moja moja, bila kufuta: *Laurette Niyonkuru*.

Halafu akampigia simu Protas.

"Eh, dada! Wamecheka?"

"Wamecheka sana," alisema, akimbusu Anaïs kiganjani. "Jiwe lako halirudi."