Shuka Kavu

Chini ya kichupa cha mkojo kulikuwa na unga mweupe. Mpimaji alikiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa kidogo, unga ukapanda polepole kisha ukatulia tena. Kichupa kilikuwa na namba tu, bila jina, lakini namba hiyo aliijua kama alivyoijua siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa ilikuwa ya mama yake.

Wenzake pale maabara walimwita Bi Barakoa, maana alivaa mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na hata wakati wa chai alizishusha kidevuni tu. Miaka kumi na miwili alikuwa akipima mikojo ya watu, na mwaka wa kumi na mbili ulimtia kinyaa kuliko wa kwanza. Alichukia uvuguvugu wa vichupa vilivyoletwa muda huohuo. Alichukia vifuniko vyenye unyevu. Alichokipenda ni mashine peke yake, kwa sababu uchafu uliingia upande mmoja na upande wa pili zikatoka tarakimu zisizonuka.

Siku hiyo tarakimu nazo zilinuka. Dawa ya maumivu ilikuwemo, tena tele, kiasi cha kumlaza fahali. Kilichokosekana ni mabaki yake. Mwili haupitishi dawa jinsi ilivyo, kama bomba linavyopitisha maji. Ini huipokea, huitafuna, huifunga kwa sukari ya aina yake ili iyeyuke vizuri, kisha figo huitupa nje. Kwa hiyo aliyemeza kidonge hukojoa kile kilichofungwa na ini kuliko kidonge chenyewe. Katika kichupa hiki ini halikuwa limegusa kitu. Kuna mtu alikuwa amesaga kidonge akakitia kwenye mkojo.

Zahanati ilikuwa na sharti lake. Mgonjwa wa nyumbani alipewa dawa hiyo kali ya wiki mbili nyingine pale tu mkojo ulipoonyesha kwamba ile ya kwanza imemezwa, kwa maana vidonge hivyo vilikuwa na wapenzi wengi mitaani. Akiandika alichokiona, dawa ya mama ingekatwa siku hiyohiyo, na saratani iliyokwisha kuingia mifupani isingengoja mtu ajieleze. Asipoandika, mwizi angeendelea kula. Na mwizi alimjua. Aliyeishi na mama alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, asiye na kazi, na ndiye aliyeleta kichupa asubuhi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Akaiacha karatasi ya majibu bila sahihi, na saa ya chakula cha mchana akatoka na barakoa zake mbili.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba ya mama, bombani, akisugua beseni. Hakumpa hata salamu, alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba hana haya wala hana vibaya, kwamba hata kupe humwonea huruma ng'ombe anayekufa, na kwamba kumtazama tu kunamtia kichefuchefu. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vimekunjamana na kubabuka kwa sabuni. Kisha akala kiapo. Kila kidonge alikiweka mwenyewe kwenye kiganja cha mama, asubuhi na jioni, akamshikia glasi ya maji. Kichupa mama alikijaza peke yake, mlango umefungwa, kwani yeye mtoto wa kiume angemshikia vipi?

"Mbona dawa inamsaidia, dada," alisema. "Wiki mbili hizi hajalowesha shuka hata moja. Zamani nilikuwa nafua kila siku."

Mpimaji aligeuka akaingia ndani. Dawa ile humlaza mtu fofofo, na usingizi huo ndio uliokuwa ukimlowesha mama. Shuka kavu zilikuwa na maana moja tu, kwamba mama yuko macho.

Chumbani mama alilala ameelekea ukutani, kona ya blanketi mdomoni. Ilikuwa imelowa mate na kutoboka kwa meno. Mpimaji alipitisha mkono chini ya mto, ndani ya foronya, akavitoa. Vilikuwa vidonge vya wiki mbili kasoro kimoja, vingine vimelainika vikashikamana na mvi.

"Kwa hiyo haikuonekana?" mama aliuliza bila kugeuka. "Nami nilikisaga vizuri."

"Ilionekana mno, mama."

Mama akaguna, karibu acheke, maumivu yakamkatiza. Alipopata pumzi alisema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida la nyumbani.

"Ile Jumapili uliyokuja kunibadilishia shuka ulinigeuza kwa ncha za vidole, mwanangu, kama anayeokota panya aliyekufa. Hukusema neno. Lakini barakoa haifichi macho. Maumivu nayaweza. Yale macho siyawezi."

Nyani haoni kundule. Mpimaji alikuwa amevuka mji mzima kumtafuta wa kumchukia, na sasa alijichukia yeye, mikono yake hasa, na zile ncha za vidole. Alizivua barakoa zote mbili. Harufu ikamvaa mara moja: jasho la siku nyingi, dawa ya vidonda, godoro lililokunywa mikojo ya miezi. Kinyaa hakikuondoka. Kilimpanda mpaka kooni, na aliona aibu kwamba hata sasa kinampanda.

Alikivunja kidonge kikavu katikati, kwa kuwa mwili uliosahau dawa hauanzi na kizima. Akamgeuza mama kwa viganja vyote viwili, akamwekea nusu ulimini, akainua glasi.

"Nitalowesha," mama alisema.

"Lowesha. Leo nafua mimi."

Mama akafumba mdomo, lakini hakumeza. Nusu kidonge kikiwa bado ulimini, aliendelea kuutazama ule uso mtupu uliomwinamia, pua yake na pembe za mdomo wake, akisubiri kuona kama utajikunja.