Jina la Bibi Mwanahawa

Huko Kinole, juu milimani Uluguru, jina la marehemu haliachwi chini. Bibi Mwanahawa alipofariki, ukoo ulimkalisha mjukuu wake Nasra kwenye kigoda cha bibi, ukampa jina lake. Tangu hapo wazee wenye mvi humwamkia shikamoo, na hata mjomba wake Twalibu, mtoto wa marehemu, humwita mama. Wenyewe hawaoni ajabu yoyote.

Kumbe bibi hakurudi na jina tu. Mwaka huu Nasra aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, palepale ulipoanzia ule uliomuua bibi. Akashuka hospitali Morogoro mjini, wakachukua kinyama wakakipima. Ni saratani, wakamwambia, lakini bado changa, awahi upasuaji. Muuguzi Devotha akamkalisha chini. "Kula mboga na matunda ya shambani kwako, tembea, ugoro uache. Hayo yatakupa nguvu, ila uvimbe hayautoi. Na dawa ya majani usinywe bila kutuambia."

Twalibu ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Asipokubali, hakuna ndugu wa kumsindikiza mgonjwa wala kumuuguza. Akakataa katakata. "Mama hakukatwa. Wewe ndiye mama. Utakunywa alichokunywa." Akabandika chungu cha mizizi.

Ile harufu, jamani. Nasra alikuwa msichana alipomwosha bibi kidonda katika nyumba hiyohiyo, bibi akimeza mizizi ileile huku titi likioza. Sasa kila chungu kikichemka, alisikia mkongojo wa bibi ukigonga sakafu chumbani kwa marehemu, ukija hadi mlango wa nje, ukisimama hapo. Alimwogopa bibi yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Akawa anakunywa, na uvimbe unakua.

Siku moja kabla ya tarehe ya upasuaji aliyopangiwa hospitali, Twalibu alimletea kikombe mchana kweupe, mbele ya ndugu wote. Mkongojo ukagonga. Ukapita nyuma ya Nasra, ukaenda kusimama mlangoni kama kawaida yake, na ndipo Nasra alipokumbuka. Siku zake za mwisho bibi alikuwa akijikokota hadi mlango ule akisema, "Nipelekeni mjini." Twalibu akasema anaweweseka, wakamrudisha kitandani.

Masikini bibi. Hakuwa anamfuata mtu; alikuwa anataka kutoka.

Nasra akakaa kwenye kigoda. Hakusema mjomba.

"Twalibu, mwanangu. Nilikuomba unipeleke mjini, ukasema naweweseka. Leo nakuomba tena."

Twalibu akakiweka kikombe chini, dawa ile ya mizizi ikimwagikia vidole. Miaka yote alimwita mama kwa mila tu. Safari hii machozi yalimtoka.

"Shikamoo, mama," akasema. Akaenda kutafuta bodaboda.

Twalibu alipoufungua mlango, Nasra alisikia mkongojo ukitoka naye.