Nati Iliyogoma Mofu

Niliomba nati isifunguke. Katika uwanja wetu mzima kijijini Mofu, kuku wakiwemo, ni mimi peke yangu niliyetaka hivyo.

Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki ya Masanja, gia imeingizwa, mguu wangu umekandamiza breki ili sproketi isizunguke. Masanja alichuchumaa pembeni, spana kaichomeka kwenye bomba refu, jasho linamtiririka. Meno ya sproketi yalikuwa yamelika, cheni inaruka. Mpya alikuwa nayo mfukoni, kainunua Ifakara. Ilibaki kufungua nati moja tu. Ikifunguka anaondoka, na mama hakutaka arudi tena.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Asubuhi hiyo alikuja kujitambulisha kama mchumba wangu, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa.

"Shikamoo, mama."

Mama aliendelea kupepeta mchele. Kisha akaniambia mimi, kana kwamba mgeni hayupo: "Agnella, mwambie huyo Msukuma aende zake. Ng'ombe wao wamekula mpunga wangu, sasa wanataka na mtoto?"

Masanja hakuwa na hata mbuzi. Alikuwa fundi cherehani.

Jua likapanda, nati haijatikisika, na mgeni yupo pale pale. Uvumilivu ukamwisha mama. Akaweka ungo chini, akafunga kanga kiunoni, akaja kushika ncha ya bomba. Alikuwa tayari kumsaidia ilimradi aondoke.

"Sukuma!" akafoka.

Masanja akaliachia bomba, akasimama wima. "Naam, mama!"

Maskini, tangu asubuhi alikuwa akiitwa Msukuma tu; alidhani anaitwa tena. Mama akamkodolea macho. Halafu kicheko kikamtoka, kikamkunja, akakaa mchangani miguu kainyoosha. Nakisikia hadi leo. Mimi nilicheka mpaka nikaachia breki.

"Marahaba," mama akasema akijifuta machozi, akiijibu salamu ya asubuhi. "Haya, njoo tusukume."

Wakasukuma pamoja. Nati ikalia, ikaachia, na mimi roho ikaniuma. Masanja akafunga sproketi mpya polepole kuliko ilivyohitajika, bila kunitazama. Mwishowe akachukua tena bomba, aikaze nati.

Mama alikuwa amesharudi kwenye mchele wake.

"Usiikaze sana, Masanja," akasema. "Jumapili si utakuja?"